Mto Usiojaa Wala Kupwa

Berlini, Ulaya
Wakati wa majani ya miti kuanguka

Kwa mama yangu mzazi, Salale, au popote alipo kwa sasa.

Mama, shikamoo. Naileta kwa magoti, maana shikamoo ya mdomo tu ikitoka huku itafika kwako imeshapoa. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, nakula, nalala, naamka. Nataraji nawe u mzima, na kile kifua chako hakikusumbui sasa mvua za vuli zinapokaribia. Na Mwanaidi mke wangu je? Nilimwacha na mimba kubwa, tumbo limeshuka, na mpaka leo sijui kama mimi ni baba wa mtoto wa kiume au wa kike. Asubuhi najiambia ni binti. Jioni nabadili.

Mwalimu, wewe unayemsomea mama karatasi hii, shikamoo na wewe. Kabla hujaendelea nakuomba ufunge mlango. Hii si barua ya kusomewa barazani. Na kama mama yangu hayupo hapo Mohoro, usimpelekee karatasi. Ikariri kichwani, kama ulivyotukaririsha Juzuu ya Amma kwa fimbo na kwa upole, kisha itie motoni, ndipo umngoje mtu wa kwetu atakayekupeleka kwake. Najua unaweza. Sisi ndio tuliokuwa wazito, wewe hukuwahi kusahau hata herufi.

Aliyeileta ni Bakari, mtu wa Kilwa, mpishi kama mimi. Bwana wake amerudi pwani, naye Bakari amefuatana naye. Hajui kilichoandikwa humu, na ni mwema. Mpikieni wali wa kwetu na samaki, asiondoke na njaa, maana huku sote tumekonda kwa viazi.

Mtauliza: Bakari amerudi, mbona Mshamu hakurudi? Hapo ndipo barua yangu ilipo. Nilipewa njia ya kurudi, mama, nikaikataa. Na sasa nina ombi moja kwenu. Mkilitimiza, mimi nitabaki huku nikisononeka na ninyi mtakuwa salama. Msipolitimiza, nitaletwa nyumbani upesi sana, na siku nitakayoletwa ndiyo mtakayotamani nisingerudi.

Nianze mwanzo, ili Mwalimu asichanganyikiwe.

Bwana wetu, yule wa ofisi ya mikoko pale Salale, mliyempa jina la Bwana Mikoko kwa kuwa hakuacha mti bila kuutia alama, alinichukua aje nami kwao wakati wa mapumziko yake, nimpikie. Tuliondoka mpunga unavunwa. Aliniahidi kuwa wakati wa kupanda tena nitakuwa nyumbani. Anaishi na mama yake katika nyumba iliyo kandokando ya mji huu, ukingoni mwa mto. Mama yake ni mjane, magoti yake mabovu, mdomo wake mzima kabisa. Mimi namwita Bibi, na tunaongea kwa Kidachi changu nilichookota jikoni kwa Bwana. Kazi yangu ni jiko, na alasiri kumshika mkono Bibi atembee njia ya mtoni.

Nikueleze njia hiyo, mama, maana ndiyo dunia yangu yote huku. Inaanzia kwenye kilango nyuma ya bustani, inaushika ukingo wa mto na haiuachi. Mwanzoni ni msitu. Kuna matete kama ya kwetu, na bata weupe wenye shingo ndefu na hasira za mama mkwe, ukiwakaribia wanakufukuza. Kuna miti inayoinama mpaka matawi yake yanaoga majini. Kisha unapita chini ya daraja, gari la moshi linanguruma juu ya kichwa chako, na ukitokea upande wa pili unaona minara ya makanisa, viwanda, matishari yaliyojaa makaa na matofali. Huko umeshaingia mjini, tena mji ambao ukiiweka Mohoro ndani yake utaitafuta kwa taa. Lakini njia ya mtoni wameiachia miti na ndege, mtu atembee bila kukanyagwa na farasi. Kwa hilo nawasifu.

Jumapili huja watu wengi, wanawake kwa wanaume. Hawabebi mzigo, hawaendi kwa mgonjwa wala msibani. Wanakwenda, wanafika mahali, wanageuka. Nilimwuliza Bibi wanakwenda wapi. Akasema, "Wanatembea." Nikasema, "Ndiyo, Bibi, wanatembea wapi?" Akanitazama kama mimi ndiye mwenye kichaa.

Mimi njia ile nilikuwa naitembea na kwetu kichwani. Penye matete nasema hapa ni kwetu Salale, penye daraja la kwanza nasema hapa ni Mohoro, nageuza macho nimtafute shangazi na kikaango chake cha vitumbua. Kilichonikatalia ni harufu. Mto huu haunuki chumvi wala matope ya mikokoni, na maji yake yako palepale leo, kesho na keshokutwa. Jambo hilo nililiona kwa macho, lakini akili yangu haikulikubali. Ndipo nilipopata aibu ambayo imekuja kuwa mlango wetu wa kuokokea, na sharti niieleze.

Kabla habari mbaya hazijafika, siku moja ya joto, Bibi alitaka kwenda mjini kwa mashua ndogo iliyofungwa pale kwao. Bwana akasema, "Mshamu ni mtu wa Salale, amezaliwa mtumbwini, atakupeleka." Nikafurahi, mama! Tangu nifike nilikuwa mtu wa viazi, na sasa naitwa kwa kazi yangu. Nikamweka Bibi kwenye mto wake wa kukalia, nikamfunika magoti, nikaiachia mashua ishuke na maji. Sikupiga kasia hata kidogo. Kwa nini nijichoshe? Maji yanapwa, yatatushusha, na yakijaa yatatupandisha. Sisi tunajua safari ya namna gani nyingine? Wewe mwenyewe ulinifundisha, nilipokuwa mdogo nikilia kwa njaa tulipokwama matopeni, ukasema, "Maji hayana haraka, mwanangu, wenye haraka ni watu."

Basi tukashuka. Tukapita daraja hili na lile, Bibi akinionyesha nyumba za wakubwa, mimi nikimwonyesha mahali ambapo mamba angependa kulala kama angekuwapo. Tukafika mbali, penye kuta za mawe pande zote mbili. Nikaona sasa inatosha, nikaifunga mashua kwenye pete ya ukutani, nikampa Bibi mkate wake na jibini, nikakunja miguu. Nikangoja.

Tulingoja sana. Bibi alimaliza mkate, akafuma soksi, akalala, akaamka. Akasema, "Mshamu, tunangoja nini?"

Nikasema, "Tunangoja maji yageuke, Bibi."

"Yageuke yaende wapi?"

"Yarudi yalikotoka."

 Akaangalia mto, akaniangalia mimi, akaangalia mto tena. Kisha akacheka, mama, mashua ikatikisika, machozi yakamtoka akayafuta kwa ile soksi. Akasema, "Mwanangu, mto huu haujarudi tangu Mungu alipouumba." Hapo ndipo nilipotazama nguzo za daraja. Kwetu kila mzizi wa mkoko una alama mbili, ya maji makubwa na ya maji madogo, na kati yake matope. Nguzo za huku zina mstari mmoja tu, mkavu juu, maji chini. Ningetazama mapema ningejua. Lakini nani hutazama kama jua litatua?

Nilijaribu makasia yao, yale ambayo unaketi umegeuzia mgongo huko unakokwenda, nikapiga mpaka mikono ikakufa ganzi, tukasogea kama konokono. Mwishowe stima ndogo ya makaa ikatufunga kamba ikatuvuta. Tukarudi hivyo, watu wamejaa kwenye madaraja, Bibi anawaeleza kwa sauti kila tunapopita, nao wanacheka. Mimi, mwana wa rubani wa vyombo vya maji, niliyepitisha boriti za mikoko mikondo yote ya Salale, navutwa kama mbuzi. Sijapata aibu namna ile maishani. Nikaapa habari hiyo isifike kwetu milele, na leo naiandika kwa mkono wangu.

Baada ya hapo ndipo vita vilipofika mezani.

Vilifika kwa gazeti, na kwa barua za ofisi ya Bwana. Alikuwa anasoma huku ananifasiria kwa Kiswahili chake, mimi nimesimama na sahani. Wamatumbi wameng'oa pamba. Mganga anawapa watu maji, anawaambia risasi za Wadachi zitageuka maji. Mohoro imejaa askari. Kisha akasema, "Na wakata mikoko wangu pale Salale wameacha mashoka wakatoweka. Nyumba tupu. Hata kuku hawapo."

Mama, aliposema hata kuku hawapo, niliiweka sahani mezani nikarudi jikoni kufikiri.

Mtu akikimbia ghafla huacha kuku. Anashika mtoto na sufuria, basi. Mtu akibeba mpaka kuku, huyo hakukimbia, amehama, na najua amehamia wapi. Amehamia kule baba alikokuwa akitupeleka zamani za hofu ya wakamata watumwa, na hapo sipataji hata kwa Mwalimu. Unapajua wewe, tunapajua mimi na mdogo wangu Saidi. Mlango wake wa majini hufunguka kwa bamvua tu, maji yanapojaa kupita siku zote, na siku nyingine mgeni akipita huona matope na mizizi akadhani ni kichaka. Nikajua mko huko, wewe na Saidi na Mwanaidi na mtoto wangu nisiyemjua jina. Katika mji huu wote wenye watu kama siafu, mtu mmoja tu anajua mlipo, naye amevaa aproni.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Watu njiani walianza kunitazama, wengine wananionyesha kwa kidole na kuwaambia wenzao. Bwana akasema nisitembee peke yangu. Ufunguo wa kilango cha bustani ukahamia mfukoni mwake. Sasa njia ya mtoni natembea na Bibi tu, mpaka daraja la kwanza, tunageuka. Nimekuwa kama wale watu wa Jumapili, nakwenda, nafika mahali, nageuka. Koti langu la baridi linafungiwa kabatini mpaka saa ya kutoka, na bila koti huku hufiki mbali. Hawajanifunga mnyororo. Hawana haja.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Siku moja Bwana aliniita kutoka jikoni, mikono inanuka vitunguu. Ukumbini alikuwapo mgeni, ofisa wa askari, mtu wa nchi kavu kwa jinsi alivyokaa, buti zake hazijaona matope tangu zishonwe. Mezani wametandika ramani. Nikaichungulia. Walikuwa wameichora Rufiji vizuri mpaka Mohoro, na milango yake inapoingia baharini wameichora pia. Kati ya Mohoro na bahari, katika mikoko, patupu. Peupe kama sahani.

Bwana akasema, "Mshamu, bwana huyu anaondoka na meli, anapeleka askari kwenu. Anataka mtu wa kumwonyesha njia za maji. Wewe ni mtoto wa rubani. Ukikubali, utafika Salale kabla ya mvua kubwa. Utamwona mkeo."

Mama, sikufichi. Moyo wangu ulisema ndiyo kabla ya kichwa. Niliona mlango wa nyumba yetu, nikamwona Mwanaidi anainuka na mtoto mgongoni. Nilitamani kurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani yangu ni hapo kwenu, nilikuwa nishachoka kuzunguka. Kisha nikatazama ramani tena. Kidole cha yule mgeni kilikuwa kimepumzika juu ya ile sehemu nyeupe, bila yeye kujua, na kilikuwa juu yenu hasa.

 Kukataa ni kusema niko upande wa watu wa maji ya mganga, na ningefungwa siku ileile. Kukubali mnajua.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake anafuma. Akauliza kwa Kidachi wanazungumza nini, mgeni akamweleza. Bibi akaangua kicheko. "Huyu? Huyu ndiye atakayewaongoza majini? Huyu aliyengoja mto urudi?" Akaisimulia, mama, yote. Mkate, soksi, stima ya makaa. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Akaniuliza, "Ni kweli?"

Ningeweza kusema: bwana, kwetu maji hurudi, ndiyo maana. Neno moja hilo tu. Ningekuwa melini sasa.

Nikasema, "Ni kweli, bwana. Mimi mtu wa jikoni. Baba alikufa kabla hajanifundisha. Maji siyajui, hata kuogelea naogopa."

Baba alisikiaje kaburini, sijui. Mgeni akakunja ramani yake, akasema atatafuta mwingine.

Lakini Bwana hakucheka. Yeye amekaa Salale. Mgeni alipoondoka alinifuata jikoni, akafunga mlango, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mtu asiyejua maji, Mshamu, hangoji yarudi."

Nikaendelea kumenya kitunguu, nashukuru Mungu kwa kitunguu, maana macho yalikuwa na sababu yake. Nikamjibu, "Bwana, kule kwetu hata kuku anajua kuwa maji yanarudi. Lakini kuku hajui yanapita wapi."

Akanitazama sana. Akasema, "Nitaandika bomani Mohoro. Watawauliza watu wenu Mshamu ni nani. Wakisema ni rubani, meli zipo, na utakwenda ukiwa umefungwa mbele kwenye mashua, unaonyesha kwa kidevu." Kisha akaulizia chakula, kama vile hakusema kitu.

Barua yake imeshatoka, mama, lakini barua za ofisi hupumzika mezani kwa kila mkubwa. Bakari halali njiani. Namwomba Mungu aitangulie.

Basi ombi langu ni hili. Watakapokuja kuuliza, akida au askari au mtu yeyote anayejifanya rafiki yangu, semeni Mshamu hajui maji. Semeni akipanda mtumbwi hutapika. Semeni alikimbilia jikoni kwa Wadachi kwa kuogopa viboko wa mtoni, na kwamba baba yake alikufa kabla hajamfundisha. Mwambieni na mjomba wangu wa Chumbi, maana yeye hupenda kunisifu kwa wageni, na sifa zake safari hii zitaniua. Shangazi wa Mohoro naye, ambaye askari wote hununua vitumbua kwake, aanze sasa hivi kunicheka mbele yao. Aitie chumvi hadithi, anajua namna ya kuitia.

Najua ninachokuomba wewe. Nakumbuka siku nilipoleta chelezo cha boriti zilizofungwa pamoja, peke yangu, kwa maji ya bamvua, ulivyopiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo wakadhani kuna harusi. Ukanikabidhi upondo wa baba, ule aliosukumia mtumbwi, mbele ya wote, ukasema, "Umepata mwenyewe, haukulala chini." Sasa nakuomba uukane upondo huo. Usiache uonekane kwetu, umechongwa jina lake na kila mtu anaujua. Ukate vipande viwili, uvisimike viwe nguzo za dungu, kile kibanda cha juu mnacholalia, na mwanangu alale juu yake. Hapo hautakuwa umelala chini.

Na Mwanaidi mwambie kwa upole. Alikataa mkulima wa Chumbi mwenye mashamba na ng'ombe kwa sababu mimi nilimvusha mto siku ya mafuriko wenye mitumbwi wote walipokataa. Hiyo ndiyo mahari aliyoipenda. Sasa akiulizwa, aseme aliolewa na mpishi mwoga. Watu watamcheka kisimani. Avumilie. Mimi nilichekwa madarajani, nikidhani ni balaa, kumbe nilikuwa nawekewa akiba.

Saidi mdogo wangu, sijui kama umekunywa yale maji. Kama umekunywa, sikulaumu, ningekuwa huko labda ningekunywa mbele yako. Lakini nisikilize. Nimewaona askari wao wakipita barabarani kwa ngoma, na bunduki zao huku ni nyingi kama majembe. Risasi zao haziwi maji, ndugu yangu. Kaa na mama. Ukitaka kupigana, pigana kuufunga ule mlango, lisikatwe hata tawi moja pale. Mimi nimeshapoteza safari yangu kwa ajili ya mlango huo, usiufungue wewe.

Bibi jana alinishika mkono tukafika daraja la kwanza. Akasimama kutazama maji. Akasema, "Mshamu, ile hadithi yangu ilikudhuru au ilikufaa?"  Nilimfunga shali vizuri shingoni, tukageuka. Yeye ana mwana wa kumwogopea, na mimi nina mama wa kumficha. Sijui alijua nini siku ile. Huenda hakujua kitu, alipenda tu kucheka.

Nimechoka, mama. Nisikudanganye kuwa nimezoea. Baridi inaingia mifupani, siku zimekuwa fupi, na njia niliyoipenda sasa ni ua wa gereza wenye bata. Kila siku natazama ule mto, na kila siku unakwenda upande mmoja. Ukikaa kwetu ukikosa safari asubuhi unajua jioni maji yatakuchukua. Hapa ukikosa umekosa. Hilo ndilo linaloniliza, zaidi ya ufunguo.

Nisalimie shangazi. Nisalimie mjomba wa Chumbi, mwambie anyamaze kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwanaidi mpe salamu za siri, anazijua. Mwalimu, ahsante kwa macho yako na kwa kumbukumbu yako. Sasa iweke motoni, na uhakikishe mpaka majivu yamevunjika.

Mtoto wangu mbusu paji la uso. Akianza kushika maneno, akauliza baba yake ni nani, mfundisheni jibu hilohilo mnalowapa askari, maana watoto husema ukweli njiani. Alijue hivyo mpaka nirudi. Siku hiyo nitampandisha mtumbwini bila kusema neno, nitaachia maji yapwe, tutafunga mahali, tutangoja. Akiniuliza tunangoja nini, ataona mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mshamu, mpishi, asiyejua maji.